Igombe Mbili

Mtu wa Tabora ukimtajia Igombe anaona bwawa, lile la kaskazini mwa mji ambalo pamoja na la Kazima lilitunywesha miaka yote kabla bomba la Ziwa Victoria halijafika. Mtu wa Mwanza ukimtajia neno hilohilo anaona mwalo: mitumbwi imepangwa mchangani, dagaa wameanikwa, wachuuzi wanang'ang'aniana matenga. Mimi Igombe zote mbili nazijua. Ya huku nilikunywa maji yake nikiwa mtoto, ya kule nilibeba samaki wake nikiwa kijana, na zote nimeziona zikikimbiwa na maji. Sasa ni fundi bomba hapa mjini, mwaka wa kumi na kitu, na wateja wakiniona nahangaika na koki inayodondosha tone moja moja hudhani ni mbwembwe za ufundi. Jambo lenyewe nimelitoa mbali.

Kwetu mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, nilipokuwa mdogo, maji yalikuja kwa zamu, na yakija yana rangi ya chai ya maziwa. Mama aliyatia shabu akayaacha kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi tukawa tunachota ya juu taratibu kama watu wanaoiba. Chini lilibaki tope la kidole kizima, tukalimwagia mchicha. Baba alikuwa na mabani mawili ya tumbaku upande wa Uyui, kwa hiyo likizo zangu ziliishia kupakia magogo kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Bani halijui huruma. Moto unawaka mchana na usiku, karibu wiki nzima, mpaka jani likauke. Miti ya karibu ilipokwisha tuliifuata ya mbali, na ya mbali ilipokwisha baba akanunua ya wenzake. Kwamba magogo yale na tope lile la ndoo yalikuwa na ujamaa, hilo nilikuja kuling'amua nikiwa na watoto wangu.

Mwaka 2003 mjomba aliniita Mwanza. Nikapanda treni. (Njia hiyo ina historia yake: mwaka 1858 Speke, mpelelezi Mwingereza, alitoka Kazeh, ndiyo Tabora hii, akamwacha mwenzake Burton anaugua, akatembea kaskazini wiki kama tatu hadi akaliona ziwa. Akalipa jina la malkia wake, wakati wenyeji walikuwa wanaliita Nyanza bila kumsubiri.) Mjomba alinunua sato na sangara pale mwalo wa Igombe, na kazi yangu ilikuwa kupokea samaki mtumbwini na kuwafikisha kwenye mzani. Nililipwa kwa tenga.

Pembeni ya mahali tulipopokelea mitumbwi kulikuwa na jiwe kubwa, moja ya yale mawe ya Mwanza yanayokaa kama yameachwa na mtu aliyekwenda kutafuta mengine. Siku za mwanzo maji yalilifikia jiwe hilo tumboni. Mwaka 2004 niliona mstari mweupe umetokea juu ya maji, kama ule unaobaki kwenye sufuria. Nikachukua msumari nikakwangua alama pale maji yalipoishia, bila sababu ya maana, ni utoto tu. Mwezi uliofuata alama ilikuwa juu, maji yako chini. Nikakwangua nyingine. Mpaka mwisho wa 2005 nilikuwa na ngazi nzima ya alama, na jiwe lenyewe limesimama kwenye tope kavu, halina shughuli tena na ziwa.

Lazima niseme ukweli: mwanzoni nilifurahi. Mtumbwi ukishindwa kufika mchangani, kibarua anatembea zaidi, na anayetembea zaidi anadai zaidi. Bei ya tenga ilipanda mara mbili mwaka mmoja. Vijana wa mwalo tulikuwa tunataniana kwamba ziwa linatuongezea mshahara. Aliyenikata ulimi ni mzee mmoja Mkerewe, mvuvi wa zamani aliyekuwa anashona nyavu chini ya mti. Alinishika mkono akanipeleka kwenye tope lililokuwa linapasuka, akanionyesha vishimo vya mviringo, vingi, vimepangana kama sahani kwenye karamu ya harusi.

"Unajua hivi ni nini?"

Sikujua.

"Ni vitanda. Sato dume anachimba hapa, jike anakuja kutaga. Haya maji ya kina kifupi, kwenye matete na mafunjo, ndiyo wodi ya wazazi. Sasa wodi imekauka. Wewe endelea kuhesabu hela ya matenga."

Shikamoo yangu ya siku hiyo ilikuwa ya kichwa chini kabisa.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni ukame, na kweli mvua zilikuwa mbaya. Mwaka 2006 maji ya bwawa la umeme la Mtera yalishuka mno, nchi nzima tukawa kwenye mgawo wa umeme, kwa hiyo habari za ukame hazikuhitaji shahidi. Wengine walisema ni dhambi zetu. Mzee Mkerewe alisema maji yanarudi yalikotoka, maana alikumbuka mvua za mwaka wa Uhuru na uliofuata, jinsi ziwa lilivyopanda likala mashamba na halikushuka tena. Hiyo ilikuwa kweli tupu: kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2.

Neno Jinja, mji wa Uganda ambako Nile inatoka ziwani, nililisikia kwanza redioni. Lakini aliyenielewesha ni mwalimu wa jiografia wa sekondari aliyepanga chumba jirani na cha mjomba. Jioni moja, giza la mgawo, alichukua ndoo ya plastiki iliyopasuka ubavuni kwa juu akaijaza maji. Maji yakatoka kwa kasi pale penye ufa, yalivyopungua ndani kasi ikapungua, mwisho yakabaki yanachuruzika tu.

"Hivi ndivyo ziwa lilivyojilinda lenyewe," alisema. Mto Nile ndio njia pekee ya maji kutoka Ziwa Victoria, na mlangoni pake palikuwa na kizingiti cha mwamba, maporomoko ya Ripon. Ziwa likijaa, mengi yanapita juu ya mwamba. Likipungua, machache. Hakuna aliyehitaji kulisimamia. Halafu Waingereza wakajenga bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, likafunguliwa 1954, na kizingiti kikazama. Kuanzia hapo mlango ukawa na mtu wa kuufungua na kuufunga. Ndiyo maana waliandikiana kanuni: ziwa likiwa kwenye kimo hiki, mtaachia maji kiasi hiki, kilekile ambacho mwamba ungeachia. Yaani binadamu aliahidi kujifanya jiwe.

Kwa miaka mingi alijitahidi. Kisha kikajengwa kituo cha pili, Kiira, kando ya kile cha kwanza, kikaanza kazi karibu na mwaka 2000. Mitambo ikaongezeka, maji ni yaleyale. Mahitaji ya umeme yanapanda, mvua zinakataa, na jiwe la kujifanya likaanza kuwa na huruma ya kibinadamu: leo tuachie kidogo zaidi, kesho tutafidia. Kuna vipindi yaliachiwa zaidi ya mita za ujazo 1,000 kwa sekunde wakati ziwa linashuka. Mwanzoni mwa 2006 mtaalamu wa maji, Daniel Kull, alitoa hesabu yake: katika kushuka kule, karibu asilimia 45 ni ukame, karibu asilimia 55 ni maji yaliyoachiwa kupita kanuni. Oktoba mwaka huo kipimo cha Jinja, kinachoonyesha kimo cha ziwa, kilikuwa kimefika karibu mita 10.4, chini kuliko kilivyowahi kuonekana kwa miaka 80 hivi.

Nilikasirika kama kijana anavyokasirika. Nilizunguka mwaloni nikisema Waganda wametunyonya. Mwalimu aliniuliza swali moja: "Umesikia Kampala wana umeme?" Hawakuwa nao. Walikuwa gizani kama sisi, pengine kuliko sisi, kwa sababu maji yakishuka nyuma ya bwawa hata nguvu ya kusukuma mitambo inapungua. Walikuwa wamekula akiba na bado wana njaa. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nafanya nini wakati huo? Nalima. Ardhi ile mpya iliyoachwa na maji ilikuwa nyeusi, laini, ina rutuba ya ajabu, na ilionekana haina mwenyewe. Mimi na wenzangu wawili tulifyeka mafunjo tukapanda matango na nyanya. Wenye uwezo waliweka vigingi, wengine wakamwaga msingi wa tofali. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema usifanye shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini ufukwe ukiwa unahama kila mwezi, ukipimiwa mita 60 unapimiwa kutoka wapi? Ndivyo tulivyojidai kuuliza. Jibu tulilijua. Mafunjo tuliyofyeka ndiyo yaliyokuwa yanachuja tope la makorongo kabla halijafika ziwani, na ndiyo yangekuwa kitanda cha sato maji yakirudi. Yule aliyefungulia mitambo alitukosea, na sisi tukaja nyuma yake na mapanga kumalizia.

Mvua za mwisho wa 2006 zilipopiga, ziwa likapanda. Nyanya zangu zilizama zikiwa zimeiva. Mzee Mkerewe alipita akaniona nimesimama na beseni, akaniambia tu, "Pole, mwanangu. Umechelewa kuvuna au umewahi kupanda?" Mpaka leo sijui alikuwa ananionea huruma au ananicheka.

Mwalimu huyohuyo alikuwa na atlasi kuukuu ya shule. Alinifungulia Asia ya Kati, akaweka kidole kwenye ziwa kubwa la buluu. Aral. Mwaka 1960 lilikuwa na eneo linalokaribiana na la Victoria letu, kilomita za mraba 68,000 hivi. Wasovieti walikinga mito miwili inayolilisha, Amu Darya na Syr Darya, wakaipeleka mashambani, hasa kwenye pamba. Ramani yake bado ilionyesha ziwa zima. Ziwa lenyewe lilishagawanyika vipande, meli zimelala juu ya mchanga, upepo unapeperusha chumvi. Tulikuwa tumekaa Usukumani, penye pamba, na mjomba aliyekuwa anasikiliza kwa sikio moja akanyanyua kichwa: "Kwa pamba? Hii pamba?" Kisha akapewa habari ya faraja kidogo, kwamba upande wa kaskazini Wakazakhstan walikuwa wamemaliza tuta mwaka uliopita, 2005, na maji na samaki vilikuwa vinarudi pale. Mjomba akataka kujua bei ya samaki wa huko. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Nilirudi Tabora 2008, mama akiwa mgonjwa, na sikuondoka tena. Ufundi bomba nilijifunza kwa jirani, kuanzia kushika tochi hadi kushika spana. Na hapo ndipo Igombe ya pili ikaninyoosha. Kiangazi mabwawa yetu yalikuwa yanabaki na maji kidogo na tope jingi, mji unatembea na madumu. Mkokoteni wa maji ukipita mtaani watu wanakimbilia kama wanafuata harusi. Nilikwenda kuliangalia bwawa. Nikasimama ukingoni, nikaona mstari uleule, wa sufuria, na nikatazama juu kwenye mlango wa maji, vichaka vitupu na visiki. Hapa hapakuwa na Jinja wala Kiira. Hapakuwa na mtambo wa kulaumu. Msitu ukiondoka, mvua haina wa kuipokea, inashuka na udongo, na udongo unakaa bwawani mahali ambapo yangekaa maji. Ndiyo yale magogo ya baba. Niliyapakia kwa mikono hii, na nililipiwa ada ya shule kwa tumbaku ile, kwa hiyo siwezi hata kujifanya nashangaa.

Bomba la Victoria lilipofika Tabora, watu walilia, na sioni aibu kusema nilikuwa mmoja wao. Maji yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa pale, yanakuja kwa njia ya Solwa na Nzega hadi kwetu. Mradi wa mkopo kutoka India. Njia ya Speke imegeuzwa, safari hii ziwa ndilo linalotufuata. Tulichimba mitaro ya kuunganisha nyumba mpaka mikono ikaota sugu juu ya sugu.

Kuna swali ambalo wateja waliniuliza sana wakati ule, na wengine bado wanauliza: hatutalimaliza ziwa? Wengine walikuwa wamesikia kwamba Misri ililalamika awamu ya kwanza ya bomba hilo, ya Kahama na Shinyanga, ilipoanza, kwa kushika mkataba wa maji ya Nile wa 1929 uliosainiwa na Waingereza, ambao Mwalimu Nyerere alishaukataa mapema baada ya Uhuru. Nilikaa na kalamu. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800. Kulishusha milimita 1 tu, lazima utoe mita za ujazo milioni 68.8. Mtambo wa Ihelele ulijengwa kwa uwezo wa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Ukivuta kwa nguvu zote bila kupumzika, utachukua siku 860, zaidi ya miaka miwili, kuondoa milimita hiyo moja. Sasa chukua mlango wa Jinja: ukiachia mita za ujazo 100 kwa sekunde kupita kanuni, milimita hiyohiyo inaondoka kwa siku 8. Hesabu hii niliiandika kwa chaki ukutani kwenye kibanda changu cha vifaa, na bado ipo. Mteja akianza "hatutalimaliza," namwonyesha ukuta.

Lakini nilijitegea mtego. Kwa kuwa nilijua ziwa halitatikisika kwa bomba letu, nikaanza kulegea. Kwa bibi mmoja wa Isevya aliyenikodi niliacha valvu inayovuja chini ya udongo, nikasema nitarudi Jumatatu. Jumatatu ikawa mwezi. Bili ilipokuja, bibi wa watu hakunigombeza. Alinipa kiti, akaniletea maji ya kunywa kwenye glasi, akakaa mbele yangu ananitazama nikiyanywa. Kisha akanionyesha karatasi. Hela ile nililipa mimi, na nilijiona mjinga sana, kwa sababu maji yanayofika Isevya si yale ya kwenye hesabu yangu ya ukutani. Haya yamevutwa kwa umeme, yametiwa dawa, yamepandishwa vilima na kusukumwa nchi nzima ya Unyamwezi. Likivuja tone hapa, ziwa halijui, ila mtaa wa mwisho wa bomba unajua, maana ndio unaokosa. Na kila mwenye bomba ndani, nikiwemo mimi, alishaacha kuuliza habari za Igombe na Kazima, kana kwamba mabwawa yale yalikuwa ya mtu mwingine. Mkaa bado unatoka upande ule. Baiskeli zake zinapita mbele ya kibanda changu kila alfajiri, na mimi ni mteja.

Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kupita kidogo rekodi ya 1964 iliyokuwa 13.41. Mita 3 juu ya kile kipimo cha Oktoba 2006. Safari hii hakuna aliyefungulia. Ilikuwa mvua, na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe ndiyo karibu asilimia 80 ya maji yake. Wale waliojenga kwenye ardhi nyeusi walihama na mabati yao vichwani. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, juu hata ya hapo.

Mwaka huo mjomba alinipigia. Amezeeka, sauti imekuwa nyembamba, lakini bado hununua samaki, sasa kwa kumtuma mwanawe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lile jiwe lako unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Alama bado zipo?"

"Alama? Jiwe lenyewe silioni. Mtumbwi unapita juu yake, juzi nusura umpasukie kijana mmoja asiyejua kama kuna jiwe." Akakohoa, akanyamaza kidogo. "Huko maji yanatoka?"

"Yanatoka mjomba. Tangu alfajiri."

"Ya Igombe gani?" akauliza, na akaanza kucheka kabla sijajibu.